CVT Ni Nini? Risto Nzima ya Giaboksi ya Mkanda, Nani Huiongoza, na Kwa Nini Imemaliza Wasee Mkwanja

Cuzo yangu alinunua Nissan Note yake ya kwanza akiwa na miaka 26. Malipo ya kwanza alichanga miaka mitatu, salio akachukua mkopo, na mpango ulikuwa mmoja tu: teksi ya mtandao mchana na usiku, deni liishe, aomoke. Mwezi wa tano hivi akapeleka ndai savisi kwa fundi mmoja wa mtaa. Fundi akamwaga oili ya giaboksi, akarudisha ile nyekundu ya gari za auto za kawaida. Cuzo akauliza kama hiyo ndiyo yenyewe. Jamaa akamjibu bila hata kumwangalia, "Boss, auto ni auto. Oili ni oili."

Wiki mbili baadaye ndai ikaanza kutetemeka kila akitoa mguu kwa breki. Wiki ya tatu, akipanda Limuru Road na abiria wawili nyuma, injini ikawa inanguruma na gari haisongi. Giaboksi ilikuwa imechapa. Kuweka ingine ya mtumba kutoka Japani kulimtoa KSh 85,000 pamoja na kazi ya fundi mwingine, na mkopo haukumngoja.

Hii makala ni jibu la ile sentensi ya fundi. Auto si auto. Kama unaendesha, unapanga kununua, ama unapanda kila siku hizi gari ndogo za Japani zimejaa Kanairo, kuna uwezekano mkubwa chini ya boneti kuna kitu kinaitwa CVT. Na CVT iko na siri moja. Ukiielewa, sheria zake zingine zote zinajieleza zenyewe.

Kwanza, CVT ni nini hasa?

Giaboksi ya kawaida, iwe manyo ama auto, iko na gia za kuhesabu: moja, mbili, tatu, nne na kuendelea. Kila gia ni meno ya chuma yanashikana na meno mengine. CVT ya mkanda haina hizo ngazi. Iko na puli mbili na mkanda mmoja unazizunguka, kama cheni ya baiskeli. Puli moja inapokea nguvu kutoka kwa injini. Ya pili inapeleka nguvu kwa tairi.

Sasa maajabu yako hapa. Kila puli imetengenezwa na vipande viwili vyenye umbo la koni, vinaangaliana kama sahani mbili zimepeana mgongo. Kipande kimoja kimefungwa palepale, kingine kinaweza kusonga. Vipande vikikaribiana, mkanda unasukumwa juu, unazunguka kwa duara kubwa. Vikiachana, mkanda unazama katikati, unazunguka kwa duara dogo.

Ukianza safari, puli ya injini iko wazi, mkanda uko chini, na puli ya tairi imejifunga, mkanda uko juu. Duara dogo linazungusha duara kubwa, kwa hivyo unapata nguvu nyingi na spidi kidogo. Hiyo ndiyo gia yako ya kwanza. Kadiri spidi inavyopanda, puli ya injini inajifunga na ya tairi inafunguka polepole, mpaka mambo yanageuka kabisa. Hakuna mahali gia "inaingia". Ndio maana CVT haina ule mruko wa kubadilisha gia, na ndio maana injini inaweza kukaa kwa ule mzunguko inakula mafuta kidogo hata spidi ikibadilika.

Mkanda unasukuma, hauvuti

Watu wengi wakisikia mkanda wanafikiria raba, kama ule wa altaneta. Kwa gari nyingi za CVT, mkanda ni wa chuma. Ni mamia ya vipande vyembamba vya chuma vimepangwa kimoja nyuma ya kingine, vikishikiliwa na seti mbili za pete nyembamba za chuma. Na haufanyi kazi kwa kuvuta kama cheni ya baiskeli. Vile vipande vinasukumana, kimoja kikimsukuma mwenzake, kama watu kwa laini ya benki wakati mlango umefunguliwa.

Lakini hebu fikiria. Chuma kiko juu ya chuma, katikati kuna oili, na hakuna hata jino moja la kushikilia. Ni nini inazuia mkanda kuteleza?

Jibu ni kubanwa. Hiyo ndiyo ile siri. Puli lazima zibane mkanda kwa nguvu ya uzito wa tani kadhaa, zaidi ya uzito wa Note yenyewe. Zikibana kidogo sana, mkanda unateleza na kuchuna puli. Zikibana sana, unapoteza mafuta na unachosha chuma bure. Maisha yote ya CVT yako kwa swali moja: nani anaamua puli zibane kiasi gani, na anatumia nini kuzibana?

Kutoka vyuma vya kuzunguka hadi komputa

Mwaka wa 1958 kampuni ya DAF ya Uholanzi ilionyesha gari dogo linaitwa DAF 600, lenye mfumo wa Variomatic uliobuniwa na Hub van Doorne. Mikanda yake ilikuwa ya raba. Hakukuwa na komputa. Vyuma vizito vilivyotupwa nje na mzunguko, pamoja na mvuto wa hewa kutoka kwa injini, ndivyo vilisukuma puli. Ukiona skuta ya auto mtaani, ile ya kutwisti na kuenda tu, wazo ni lilelile: raba, na vyuma vidogo vinavyosukuma puli vikizunguka kwa kasi.

Variomatic ilikuwa na kituko chake. Kwa sababu puli hazijui mbele wala nyuma, gari liliweza kurudi rivasi kwa kasi ileile ya kuenda mbele. Waholanzi wakageuza hiyo mchezo, wakawa na mashindano ya kuendesha kinyumenyume.

Mkanda wa chuma ukafuata, pia kutoka kwa watu wa van Doorne. Mwaka wa 1987 Subaru ilitoa Justy yenye mkanda wa chuma na klachi ya sumaku inayoongozwa kwa umeme. Kutoka hapo Wajapani hawakurudi nyuma. Honda, Nissan na Toyota wakaingia, na leo yadi zetu zimejaa Fit, Note na Vitz za mfumo huo.

Ndani ya sekunde moja: kinachotokea ukikanyaga mafuta

Kwa CVT nyingi za gari, anayebana puli ni oili, na anayeamua ni komputa. Twende polepole.

Pampu inayozungushwa na injini inasukuma oili kwa presha kubwa. Tairi ya gari ndogo iko na karibu psi 32. Ndani ya CVT presha inafika mamia ya psi. Hiyo oili inaingia nyuma ya kile kipande cha puli kinachosonga na kukisukuma.

Komputa ya giaboksi nayo iko na macho yake, yaani sensa. Moja inasoma spidi ya puli ya injini, nyingine spidi ya puli ya tairi, nyingine presha, nyingine joto la oili. Inajua pia umekanyaga mafuta kiasi gani.

Ukikanyaga, komputa inajiuliza: huyu dere anataka nini? Inachagua injini izunguke kwa kasi gani, halafu inapiga hesabu puli zikae wapi. Inatuma umeme kwa solenoidi, ambazo ni valvu ndogo zinazofunguliwa na sumaku. Solenoidi zinaachilia oili, puli inasonga, sensa zinasoma tena, komputa inarekebisha. Huo mzunguko unarudiwa mara nyingi ndani ya sekunde moja, safari yote. Kwa kawaida puli ya injini ndiyo inabadilisha gia, na ya tairi inahakikisha mkanda umebanwa vya kutosha.

CVT zingine zina mota pia. Chukua Nissan X-Trail ya T31, ile ilianza 2007. Ndani ya giaboksi yake kuna mota ndogo inayosonga hatua kwa hatua. Komputa inaiambia songa hatua kadhaa, mota inasukuma mkono mdogo wa chuma, na huo mkono unafungua valvu ya oili. Upande mwingine wa mkono umeshikana na puli yenyewe, kwa hivyo puli ikifika pale ilitumwa, valvu inajifunga. Hiyo mota ikikwama, giaboksi inaweza kukwama kwa gia moja hata kama mkanda na puli ni vizima kabisa. Ndio maana fundi mwenye skana anaweza kukuokolea pesa ambayo fundi wa kukisia angekumalizia.

Kwa nini oili mbaya inaua

Sasa turudi kwa cuzo. Oili ya auto ya kawaida imetengenezwa kwa giaboksi yenye gia za meno na klachi. Kazi yake kubwa ni klachi zishike polepole bila kuruka. Oili ya CVT imepewa kazi tofauti kabisa: ilainishe, ipoze, isukume puli, na wakati huohuo iache chuma kishike chuma. Ni kama kumwambia mtu apake sakafu mafuta lakini watu wasianguke.

Ukiweka oili isiyofaa, mkanda unaanza kuteleza kidogo kidogo. Komputa haiwezi kujua umeweka oili gani. Inabana kwa hesabu zilezile za oili yake. Mkanda unachuna puli, chembe za chuma zinaingia kwa oili, zinaziba valvu na solenoidi, presha inashuka, mkanda unateleza zaidi. Ule mtetemo cuzo alisikia ulikuwa ni mkanda ukishika na kuachia. Wakati injini inanguruma na gari haisongi, mambo yalikuwa yameshaisha.

Joto nalo ni adui uleule. Kupanda mlima na mzigo, ama jam ya saa mbili juani, kunachemsha oili. Ikichoka, haishiki vizuri. Komputa nyingi zikisikia joto limezidi zinapunguza nguvu ya injini. Ukiona gari imekuwa nzito ghafla mlimani, usikanyage zaidi kwa hasira. Toka barabarani, weka P, acha injini ikinguruma polepole hadi ipoe.

Je, oili ikitolewa na mota ifanye kazi yote?

Hapa ndipo mainjinia wamekuwa wakikuna kichwa. Mfumo wa oili uko na ubaya wake. Pampu inazunguka muda wote injini inawaka, hata ukiwa highway spidi haibadiliki. Na kwa sababu komputa haina uhakika mkanda uko karibu kuteleza kiasi gani, inabana zaidi ya inavyohitajika, kwa kawaida karibu asilimia 30 zaidi, ili kuwa salama. Hiyo nguvu yote inatoka kwa mafuta uliyolipia pale petroli stesheni.

Wazo mbadala ni kutumia mota ya umeme inayozungusha skrubu kubwa. Skrubu inasukuma puli kama vile jeki ya gari inavyoinua gari. Na jeki ya skrubu iko na tabia moja tamu: ukiacha kuizungusha, inabaki palepale. Kwa hivyo ukiwa spidi moja, mota karibu inalala. Umeme unatumika tu wakati wa kubadilisha.

Hii si ndoto tu. Suzuki ilitoa pikipiki ya Burgman 650 mwaka wa 2002, ambayo puli yake inasukumwa na mota ya umeme badala ya vile vyuma vya kuzunguka. Dere anaweza kubonyeza kitufe, komputa ikamwigizia gia za kuhesabu. Kwa upande wa gari, Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Eindhoven, Uholanzi, kilijenga CVT inaitwa EMPAct, yenye mota mbili na skrubu. Nacho Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Malaysia kikaja na EMDAP, ambayo vipande vyote viwili vya kila puli vinasonga, ili mkanda usipinde upande mmoja gia ikibadilika.

Faida ya pili ni kwamba mota inaweza kubana kwa uangalifu zaidi. Komputa inapima mkanda unateleza kiasi gani, halafu inabana kiasi hicho tu, bila ule uzito wa ziada.

Mbona basi Note yako bado ina pampu? Kwa sababu nguvu ya tani kadhaa si mchezo kwa mota. Inataka skrubu ngumu, gia za kupunguza spidi, na mota isiyo rahisi. Pia lazima iwe mbio. Ukikanyaga breki ya ghafla matatu ikikuingilia, puli zinafaa kurudi gia ya kuanzia kabla tairi zisimame, la sivyo kuondoka tena kutakuwa shida. Na umeme ukikatika katikati ya barabara, mkanda lazima ubaki umebanwa. Oili imekuwa ikifanya hayo yote miaka mingi, na kiwandani ni rahisi kwa bei. Kwa hivyo gari nyingi zimebaki katikati: oili inabana, umeme unaamuru.

Si kila "CVT" iko na mkanda

Hii inachanganya wasee wengi kwa yadi. Toyota Aqua, Prius na Axio ya haibridi huandikwa CVT pia, lakini ndani hakuna mkanda wala puli za koni. Kuna gia za sayari, yaani gia ndogo zinazozunguka gia ya katikati, na mota mbili za umeme ndizo zinapanga uwiano. Note ya e-Power nayo, iliyoanza 2016, haina mkanda: injini inatengeneza umeme tu, na mota ndiyo inazungusha tairi. Subaru nyingi za kuanzia 2009 zinatumia cheni ya chuma badala ya mkanda wa kusukuma. Kwa hivyo kabla ya kuogopa ama kusifu, jua gari unayoangalia ni ya aina gani.

Ukiwa nayo, ama unataka kununua

Haya ndiyo ya kushika, na sasa unajua kila moja inatoka wapi.

1. Oili ni ile imeandikwa kwa kitabu cha gari. Note ya E12 ya mkanda inataka ya aina ya NS-3. Honda nyingi zinataka HMMF ama HCF-2 kulingana na modeli. Usikubali "hii inafanya zote" kabla hujaona jina la oili yako kwa mkebe. Mafundi wengi wa hapa watakwambia badilisha kila kilomita 40,000. Kwa jam na milima yetu, hiyo si hesabu mbaya.

2. Kipimo si cha kukisia. CVT nyingi hazina kile kijiti cha kupimia oili. Oili inapimwa ikiwa na joto fulani. Ikipungua, pampu inavuta hewa na presha inaanguka.

3. Isivutwe tairi za mbele zikiwa chini. Injini ikizimwa pampu haizunguki, puli hazipati oili, na chuma kinasaga chuma. Ndai ikikwama, lipia gari ya kuibeba mgongoni, ama inua tairi za mbele.

4. Skana kabla ya kulipa. Kodi kama P0868 inaonyesha presha ya oili ya giaboksi iko chini. Kwa baadhi ya Nissan, komputa pia inaweka hesabu ya vile oili imechakaa kwa joto, na skana inaisoma.

5. Jaribu ikiwa baridi na ikiwa moto. Toka kilomita 20 hadi 60 kwa saa ukikanyaga polepole. Mtetemo, mlio kama wa nzi, ama injini kupanda bila gari kusonga, wacha hiyo ndai na mwenyewe.

6. Ukibadilisha giaboksi ama kile kitengo cha valvu, komputa lazima ifunzwe. Kwa Nissan nyingi, kila kitengo kina namba zake za hesabu ya presha. Usipoziingiza, komputa itabana kwa hesabu za kitengo cha zamani.

7. Ukiteremka escarpment ya Mai Mahiu, tumia L ama S. Injini inakusaidia kushika gari, breki zinapumua.

Na usifikirie ni sisi tu tunalia. Mwaka wa 2009 Nissan huko Marekani iliongeza dhamana ya CVT za modeli za 2003 hadi 2010 ikafika miaka 10 ama maili 120,000. Hata wenye kuitengeneza walijua hii kitu inataka heshima.

Mwisho wa risto

Cuzo bado anaendesha Note yake. Kwa dashibodi amebandika karatasi ndogo imeandikwa NS-3 kwa kalamu nyeusi, na kila akienda savisi anasimama hapo mkebe ukifunguliwa. Mkopo ulisukumwa mbele miezi minne. Juzi fundi mwingine alimwambia tena, "Buda, auto ni auto." Cuzo akafunga boneti, akachukua funguo yake, akaenda kutafuta mwenye skana.